Minara Imejaa Munanila

Kuanzia Kibondo hadi Kasulu, Maximilla aligombana na kila muuza vocha. Yeye ni bibi shamba, na rauta yake ndogo ilikuwa na kazi moja tu siku hiyo: kutuma orodha ya wakulima wa mbegu kutoka Munanila kabla ya saa kumi jioni. Kibondo walimwapia kwamba bando lao la wiki halina mpinzani. Kasulu wakamcheka. Huo mtandao mpakani hausomi, mama, chukua wetu, tena bando la mwezi kabisa! Akachukua, na laini yao juu, huku akisonya.

Alipofika Munanila akaiwasha rauta. Minara ikajaa yote. Nusura awasamehe wale wa Kasulu, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Akazima, akawasha. Akachomeka laini ya Kibondo, minara ikajaa vilevile, na vilevile hakikufunguka kitu.

"Waongo wakubwa!" akafoka. "Wa kule na wa huku, wote!"

Mwenyeji wake, mama Ndayikunda, aliyekuwa akipukuchua mahindi kibarazani, akainua shingo.

"Imejaa yote? Basi zima, mwanangu. Hiyo ni minara ya Burundi, bando lako haliijui. Panda pale juu kwenye migomba, uelekee Kasulu. Ukiona kamstari kamoja, tena kanakatikakatika, hapo ndipo Tanzania."