Mchezaji Asiyeumwa

Fundi wa nyuzi za raketi alikuwa ameinamia mashine yake, akipitisha uzi wa kulala juu na chini ya nyuzi zilizosimama, wakati mpanga viti alipochungulia mlangoni na kumwambia kwamba mwanawe mkubwa ameanguka uwanjani. Fundi aliuliza kama ameteleza. Mpanga viti akasema hapana, ameanguka tu. Uzi ukiachwa katikati hulegea na kazi yote huwa ya bure, kwa hiyo fundi aliubana kwanza, akafuta mikono kwenye aproni, ndipo akapanda ngazi.

Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa la mashabiki, hakina dirisha, na ndani kulikuwa na ubaridi mzuri. Nje jua lilikuwa la utosi. Mwanawe, ambaye kwa urefu wake nchi nzima ilimwita Twiga, alikuwa amelala chali kwenye mstari wa nyuma, raketi bado mkononi. Mdogo wake, Kitinda, alikuwa amepiga magoti akimpepea kwa kofia. Maji hayakuwepo. Nahodha wa timu, ambaye siku hizi hakucheza bali alikaa kwenye benchi na kuamuru, alikuwa amefungia chupa zote za uwanjani ofisini tangu asubuhi. Wageni waliokuja kushindana nao walitoka nchi yenye joto kali zaidi, na samaki, alisema nahodha, mkunje angali mbichi.

Daktari wa mashindano alifika, akashika kifundo cha mkono wa Twiga, akausikiliza moyo, akahamisha kipimo akausikiliza tena, kisha akasema amefariki. Fundi alilia palepale kwa sauti kubwa, mbele ya waandishi wa habari waliokuwa wamekuja kupiga picha za mazoezi. Nahodha alimshika bega na kumwambia kazi ya Mungu haina makosa. Ufunguo wa ofisi ulikuwa unaning'inia shingoni mwake.

Shida ilikuwa kwamba droo ilikuwa imeshafanyika. Katika Kombe la Mataifa kila nchi hutaja wanaume wake mbele ya mabalozi na kamera, na jina likishatajwa halibadilishwi, ila daktari akithibitisha kwamba mchezaji ni mgonjwa au ameumia. Twiga na Kitinda walikuwa wametajwa kucheza pamoja mechi ya wawili wawili. Nahodha alimwomba daktari athibitishe. Daktari alikuwa mtu mwangalifu, ameletwa kutoka nchi ya tatu ili asipendelee upande wowote. Akampima upya.

"Hana homa," alisema. "Hana jeraha. Nimemminya kila mahali, hasikii maumivu. Mtu huyu si mgonjwa."

"Amekufa," fundi alisema.

"Ndiyo, mzee, nimeshasema. Pole sana. Lakini hilo kanuni haikulitaja."

Msimamizi mkuu wa mashindano aliitwa, naye akaona daktari amesema kweli. Basi nahodha akamwambia Twiga ainuke, na Twiga akainuka. Waliomfahamu hawakushangaa. Tangu utotoni hakuwahi kumkatalia mtu. Ukimtuma dukani akiwa anakula, huliacha tonge kwenye sahani na kwenda. Alijipangusa vumbi la mgongoni, akauliza kama aendelee na mazoezi. Nahodha akasema leo yatosha.

Wakamweka katika chumba cha baridi nyuma ya kantini, kwa sababu ya joto. Alikaa juu ya kreti la maji, na mengine yamepangwa kumzunguka mpaka darini. Fundi alimfungulia chupa moja akampa. Twiga aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaishika tu.

Nyumbani, mama wa vijana alikuwa ameshapata habari. Majirani walikuwa wamejaa sebuleni, na wanaume wa mtaa wamechimba kaburi kwa haraka, kama ujirani unavyotaka. Alipiga simu.

"Baba watoto, mnamleta saa ngapi?"

"Ana mechi keshokutwa."

"Na baada ya mechi?"

"Baada ya mechi nitamleta."

"Mwambie avae soksi nzito," alisema mama, na simu ikakatika.

Mechi ile watu waliisimulia muda mrefu. Twiga hakuhema wala hakutoa jasho, na mipira yake ya kuanzia ilitua kwenye kona ileile kama msumari unaogongwa. Wachezaji walipopumzika kubadilishana pande, yeye alibaki amesimama mpaka nahodha alipokumbuka kumwambia akae. Inzi alitua juu ya jicho lake, akatembea, akaruka. Wageni walikata rufaa kwamba hakuna mtu anayecheza seti zote hizo bila kujifuta uso, wakadai apimwe dawa za kuongeza nguvu. Afisa wa vipimo alikuja na kikombe chake, akamwomba Twiga mkojo. Twiga alisema atajitahidi. Kanuni inasema mchezaji asubiriwe mpaka aweze, na afisa yule angali anamsubiri. Amehamia mjini, ameoa.

Waliposhinda, mwenyekiti wa chama cha tenisi alishika kipaza sauti akasema mcheza kwao hutunzwa. Akamvisha Twiga shada la maua. Fundi alisubiri hotuba ziishe, akamfuata nahodha kwenye ngazi.

"Sasa nimchukue mwanangu, nahodha. Mama yake anangoja. Kaburi limeshachimbwa."

"Fundi, mimi nakuelewa, nami ni mzazi. Lakini tumeingia raundi ya pili. Kikosi hakivunjwi mpaka kitolewe."

"Kwa hiyo mkishindwa, nitamzika?"

"Siku hiyohiyo," alisema nahodha. "Na gari nitatoa mimi."

Fundi alirudi kwenye mashine yake. Alikuwa ameipenda timu hii tangu ujana. Ndiye aliyezifunga nyuzi za kila raketi iliyopigania bendera ile, na vijana wake walijifunza kutembea kwa kushikilia miguu ya mashine. Sasa aliomba nchi yake ishindwe. Aliomba waziwazi, hata mpanga viti alimsikia, akafunga mlango ili asisikie zaidi. Mvua ikanyesha nyumbani, kaburi likajaa maji, wanaume wa mtaa wakayachota na kulichimba upya wakinung'unika, kisha wakalifunika kwa mbao asije mtoto wa mtu akatumbukia.

Siku ya raundi ya pili fundi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Alilegeza nyuzi. Hakuzilegeza sana, kiasi cha mpira kuruka nje kidogo, wageni wengine washinde, na mtoto alale kwa amani. Akazilegeza za ndugu wote wawili, maana ukilegeza za mmoja watu watajiuliza.

Lakini aliyekufa hasumbuliwi na nyuzi. Twiga aliitazama raketi yake mara moja, akabadilisha namna ya kuizungusha, na mipira ikaendelea kutua palepale. Aliyeteseka ni Kitinda. Mipira yake iliruka nje, mingine ikapiga ukuta wa matangazo, na uwanja ukaanza kumzomea. Wakashinda hivyohivyo, kwa taabu, kwa nguvu za kaka mtu. Kesho yake magazeti yote yaliandika kwamba timu ina mguu mmoja mzuri na mmoja mbovu, na kwamba aliye hai ndiye anayetuangusha.

Kitinda alilisoma gazeti mojawapo mezani nyumbani, mbele ya wazazi wake. Alikuwa kijana mcheshi, asiyeacha utani hata msibani. Alilikunja, akaliweka chini ya sahani yake, akauliza mazoezi ni saa ngapi. Mama alimtazama baba. Baba alikuwa akitazama mkate.

Nahodha alipanga Kitinda afanye mazoezi ya peke yake na kaka yake, adhuhuri, ili ajifunze kutoka kwake. Mwenyekiti alipita kutazama, akaridhika. Alisema kwa sauti ya chini, ingawa fundi alikuwa karibu na akasikia, kwamba Twiga hadai hoteli, hadai bima wala haugui goti, na ingekuwa heri timu ingekuwa na wawili wa namna hiyo. Nahodha alicheka kidogo. Baadaye akaacha kucheka, akaanza kumtazama Kitinda kama mtu anayetazama embe kuona limebakiza siku ngapi.

Siku ya tatu ya mazoezi hayo, fundi alipanda kutoka chumbani kwake na kukuta chupa zimefungiwa tena ofisini. Daktari wa mashindano, ambaye hakuitwa na mtu, alikuwa ameshafungua mwavuli na kukaa kando ya uwanja. Kitinda alikimbia kutoka kona hii hadi kona ile. Midomo yake ilikuwa myeupe na jasho lilikuwa limeacha kumtoka. Ng'ambo ya wavu Twiga alirudisha kila mpira, taratibu, bila pupa, bila kosa.

Fundi alikwenda katika chumba cha baridi, akachukua chupa, akaingia uwanjani nayo. Askari wa lango alimwambia mzee hairuhusiwi. Fundi akampita. Alimfikia mwanawe, akamshika kiwiko. Ngozi ilikuwa kavu, inaunguza.

"Kunywa."

Kitinda alitikisa kichwa. "Kaka hanywi."

"Kaka yako amekufa!"

"Najua, baba. Na hajakosa mpira hata mmoja."

Basi fundi akasema. Aliyasema yote palepale, nahodha akisikia, daktari akisikia. "Mwanangu, si wewe uliyekosa. Ni mimi. Mimi ndiye niliyelegeza nyuzi zako, nilitaka mshindwe, nimzike ndugu yako. Huna kosa lolote. Twende nyumbani."

Kitinda alimtazama babake bila hasira. Kwa muda alionekana kama mtoto yule wa zamani, anayetaka kubebwa.

"Nilijua, baba. Nilizisikia kwa mlio nilipoupiga mpira wa kwanza." Akavuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Lakini kaka naye alikuwa na nyuzi hizohizo."

Fundi aliifungua chupa, akajaribu kumwekea mdomoni kwa nguvu, na maji yakamwagikia shati na kukauka kabla hayajafika kiunoni. Akageuka kumtazama mwanawe mkubwa, aliyekuwa amesogea hadi kwenye wavu, mrefu, mtulivu, mipira miwili mkononi.

"Mwambie wewe," fundi alimsihi. "Wewe atakusikia. Mwambie aache."

Twiga alifikiri. Tangu siku ile alikuwa hajasema neno ila kwa kuulizwa, na sauti yake ilitoka na mchanga kidogo. Alimtazama mdogo wake kwa upendo mwingi, kama alivyokuwa akimtazama walipokuwa wakilala kitanda kimoja.

"Mwache, baba," alisema. "Haiumi sana."

Daktari alifunga mwavuli wake, akasimama. Nahodha akapuliza filimbi, na vijana wote wawili wakarudi kwenye mstari.