Mpaka Diski Zijae

"Chumba gani humu ndani hakishiki joto?" fundi wa kompyuta aliuliza, amekumbatia boksi kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Bosi alikuwa bado anafikiri. Mama yake akamwahi.

"Changu," alisema kutoka kwenye mkeka pale ukumbini. "Kaguse ukuta. Tofali za mle nilizifyatua kwa mikono hii, nikazilaza mbili mbili. Jua linaweza kuwaka mpaka mbwa wakatoa ndimi, mle ndani wewe unavuta shuka."

Fundi akaingia, akaweka kiganja ukutani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapa ndipo penyewe," alisema.

Mama Tofali akacheka. Mtu aliyefyatua tofali tangu akiwa msichana mpaka magoti yakakataa, mwishowe akajijengea nyumba yenye chumba kimoja cha kwake peke yake, hana budi kufurahi mgeni akikisifu. Mdomo ulikuwa umekwisha kukiponza kichwa, na kichwa chenyewe bado kinacheka.

Kufika adhuhuri, kitanda chake kilikuwa stoo.

Stoo ilipakana na chumba kile, ukuta mmoja, lakini hapakuwa na undugu. Mabati yalikuwa wazi bila dari. Magunia ya mkaa yalijaa upande mmoja, na kitanda kikabanwa upande wa pili, kichwa kikiegemea ukuta. Kifua cha Mama Tofali kilikuwa cha kubembelezwa. Vumbi la udongo la miaka yote ile lilifanya makao humo, na joto likizidi pumzi humjia nusu nusu, kama mtoto anayeitwa akisitasita mlangoni. Daktari alishamwambia: lala penye baridi, mengine yatafuata.

"Ni kwa muda tu, mama," Bosi alimwambia akimtengenezea mto. Huyu alikuwa kitinda mimba wake. Majirani walimwita Bosi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwajiri. "Diski zikijaa tu, unarudi kwako."

"Zinajaa nini?"

"Namba. Muulize fundi."

Akamuuliza. Fundi alikuwa amepiga mbao tatu ukutani na anazipanga diski juu yake, nyeusi, nzito, zimeachiana nafasi. Mama Tofali aliziona kama tofali zilizoanikwa. Akawa anampokeza mojamoja, maana mikono yake haikujua kukaa bure.

"Hizi mama, kila moja ninaijaza namba mpaka ifurike," fundi alisema akichomeka waya. "Halafu mtandao wa dunia unaita namba. Aliye na inayokaribiana nayo anapata sarafu."

"Hela ya kushika?"

"Si ya kushika. Ya mtandaoni. Lakini inauzwa."

"Na kujaza kunachukua muda?"

"Muda mrefu. Na umeme usikatike. Ukikatika, ile diski inayojazwa inaanza upya."

Neno hilo Mama Tofali alilichukua, akalifunga kwenye upindo wa kanga. Kama ni kujaa, basi yeye angezisaidia zijae upesi. Akahamishia mkeka wake mbele ya swichi kubwa ya nyumba. Akamkataza mke wa Bosi kupiga pasi. Alifagia vumbi mlangoni asubuhi na jioni, akatundika kanga mbichi dirishani ili upepo uingie na ubichi. Kila fundi alipokuja kukagua, swali lilikuwa lile lile.

"Zimefika wapi, mwanangu?"

"Zinakwenda, mama."

Mke wa Bosi alikuwa na ulimi usio na kitasa. "Jamani, mama mkwe kawa askari," alisema. "Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Mwenyeji wetu kapona mpaka stoo."

"Cheka," Mama Tofali alimjibu. "Mimi nalinda chumba changu."

Siku moja mama mkwe alipokwenda zahanati kwa ajili ya kifua, mke wa Bosi akapiga pasi. Swichi ikaruka. Mama Tofali aliporudi, akaona taa za diski zimezimika, aliketi chini bila kuvua viatu. Hakugomba. Aliuliza tu ni ngapi zilizopotea, akaambiwa moja, akasema, "Moja si haba, tutaijaza tena," kwa sauti ya mtu aliyevunjikiwa chungu na bado anapaswa kupika.

Stoo nayo haikungoja. Mchana mabati yalilia kwa joto, na usiku yaliendelea kurudisha kidogo kidogo lile yalilokopa kwa jua. Alijifunza kulala ameketi. Alijifunza pia kukohoa ndani ya mto, ili Bosi asije akasema anajidekeza.

Hatimaye fundi akatoka chumbani akipangusa mikono. "Ya mwisho imejaa," alisema.

Mama Tofali hakungoja aambiwe mara mbili. Aliingia stoo, akakunja shuka, akachukua mto kwapani, akaenda kusimama mlangoni pa chumba chake. Alikuwa amejifunga kanga yake ya kutokea.

"Unakwenda wapi?" Bosi akamuuliza.

"Kwangu. Zimejaa."

Bosi akamtazama fundi, fundi akatazama waya. Kisha Bosi akaangua kicheko, akamwita mkewe. "Hebu njoo umsikie mama."

"Mama," fundi alisema, bila kuinua uso, "kujaa ndiyo mwanzo wa kazi. Zikijaa ndipo zinakaa hapa, zinangoja namba iitwe. Zikizimwa, zimetoka mchezoni."

"Zinangoja mpaka lini?"

"Hakuna lini. Ndiyo kazi yake."

Mama Tofali akahamisha mto kutoka kwapa hili kwenda lile. "Wewe ulijua?" alimuuliza mwanawe.

"Sasa mama, ningekwambia ungetoka?"

"Nisingetoka."

"Ungetoka tu, ila kwa kulia. Hivi umetoka kwa kucheka. Ipi bora?"

"Nyumba hii ni yangu."

"Nani kasema si yako?" Bosi alisema kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa. "Hata stoo ni yako."

Mke wa Bosi akageuza uso, na mabega yakatikisika. Mama Tofali alirudi na mto wake.

Lakini diski zikikaa pamoja huchemka. Haikupita wiki, chumba kikawa kama tanuru, na mashine mbili zinazoendesha diski zikajizima. Fundi akaitwa. Alisema joto lazima litolewe nje kwa feni. Dirishani vumbi na mvua vitaingia. Ukuta wa nyuma umegusana na nyumba ya jirani. Akagonga gonga kwa kifundo cha kidole, akaishia kwenye ukuta wa stoo.

"Hapa," alisema.

Wakaja stoo na nyundo na tindo. Mama Tofali aliketi kitandani akiwatazama. Hawakumwambia asogee, na kwa vile mkaa ulijaa kule, hakukuwa na pa kusogea. Fundi akapiga. Tindo likaruka. Akapiga tena, cheche zikatoka, na vumbi likamwangukia Mama Tofali kichwani na kumwingia kifuani.

"Tofali gani hizi?" Bosi alisema. "Tutakesha hapa."

"Mama," fundi akahema, "ulijenga mwenyewe. Nianzie wapi?"

Mama Tofali alikohoa kwa muda mrefu. Wote wawili wakamngoja. Alipopata pumzi, aliutazama ukuta namna mtu anavyomtazama mtu, kisha akainua mkono, akaweka kidole kwenye mstari mwembamba wa saruji, karibu na mto wake.

"Usipige tofali," alisema. "Piga kiungo."

Tofali zikatoka nzima. Bosi akazitumia kuinulia mashine.

Alasiri ile feni iliwashwa. Kutoka upande wa pili ikasikika sauti ya Bosi ikisema humu sasa mnakalika, na mkewe akiitikia. Upande wa huku, upindo wa shuka uliinuka kwa pumzi ya moto, ukashuka, ukainuka. Tunduni vitaa vya kijani vilikuwa vinapepesa, vimetulia, vinangoja kuitwa. Mama Tofali alilala amevielekea, kinywa wazi kidogo, akijaribu kufuata pumzi ile ilivyokuja.