Mawifi Katika Shamba la Marehemu

Miaka saba baada ya mumewe kufariki, Fundi alifunika cherehani yake kwa kitambaa, akawaambia wateja kwamba nguo mpya zitasubiri mpaka kazi ya kupanda iishe, akabeba jembe na kwenda shambani. Majirani walidhani anatania. Mtu aliyekaa kitini miaka thelathini akikanyaga cherehani, jembe atalijulia wapi?

Shamba lilikuwa ekari mbili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Enzi za mumewe liliwapa mahindi ya kula mwaka mzima. Mume alipofariki, Fundi hakuwa na moyo wa kulitazama, na pori nalo halikungoja kukaribishwa. Nyasi zilimfika kifuani. Siku ya kwanza alifyeka asubuhi nzima, akapata nafasi ya kutandika mkeka mmoja tu, na viganja vikajaa malengelenge. Akaketi hapo hapo, akajicheka, kisha akalia kidogo.

Siku ya tatu akatokea wifi yake, dada wa marehemu. Mtaa mzima ulimwita Chuma, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiumwa wala akitoa chozi. Hawakuwa wamegombana, ila tangu msiba walisalimiana kwa mbali, kila mmoja akichelea kumtonesha mwenzake kidonda. Chuma alisimama mikono kiunoni, akaikagua kazi ile.

"Wifi, unalima au unalinyoa shamba?"

"Nalinyoa. Kama wewe unajua kulima, jembe jingine lile pale."

Chuma akavua viatu. Alimfundisha asizichome nyasi bali azitandaze juu ya udongo, zikinge jua. Ndago zing'olewe pamoja na vinundu vya mizizini, la sivyo wiki ijayo zingerudi kama wageni waliosahau mzigo. Alikuwa mwalimu mkali, asiyejua kusifia, lakini kila asubuhi alifika wa kwanza, na chupa ya chai ya kuwatosha wote wawili.

Wiki ya pili wakafika mwisho wa shamba. Fundi alikuwa amejiandaa kwa shari, maana mwenye shamba jirani alikuwa na sifa ya kusogeza mipaka. Badala yake alikuta mawe ya mpaka yote yakionekana, na pembeni yake ujia uliopaliliwa vizuri, ukifuata mpaka kutoka pembe hadi pembe. Akauliza ni nani aliyefanya kazi hiyo. Chuma akajifanya hasikii, akaendelea kulima. Fundi akauliza tena.

"Ni mimi," alisema Chuma. "Kila mvua zikikaribia nilikuja kupalilia mawe. Niliogopa siku utakapolitaka shamba lako ukute limeshamegwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeona nakuharakisha."

Fundi alimshika wifi yake mkono, mkono mgumu kama gome la mti. Chuma akajifuta macho kwa kiwiko, akasema vumbi limemwingia. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, lakini Fundi alilikubali vumbi hilo bila kubisha.

Wakati wa kupanda mahindi, zamu ya kufundisha ikawa ya Fundi. Alivuta uzi kutoka upande mmoja hadi mwingine, akapima nafasi kwa futi yake ya kushonea, na mistari ikanyooka kama mshono wa suruali ya bwana harusi. Ndege walifukua mbegu za pembe moja yote. Chuma alinuna kutwa nzima. Fundi akasema pengo hilo litawekewa kiraka, wakapanda kunde.

Mahindi hayakufika yale ya zamani, lakini yalijaza ghala la Fundi na la Chuma, na kunde zilizaa mpaka wakachoka kuchuma. Siku ya mavuno walirudi wakibishana juu ya msimu ujao. Mmoja alitaka viazi vitamu, mwingine mtama, na hakuna aliyekubali kushindwa. Walipofika njia panda, ambapo kwa kawaida waliagana, Chuma hakukata kona. Alimfuata Fundi hadi nyumbani, akavuta kigoda jikoni, akaketi, maana ubishi ulikuwa bado mbichi.