Baba Anapita Tu

Baba yangu anapita tu. Huu ni mwaka wa thelathini na nane anapita. Ukimuuliza mwenyeji wa wapi, atakwambia yeye ni dereva, alikuwa anapeleka milango mjini, lori likanasa kwenye tope la pale kwenye kona, na tope likikauka ataondoka zake. Tope limekauka na kulowa mara elfu. Katika kunasa huko amepata mke, watoto watano na kitambi.

Historia ya kijiji chetu ndiyo hiyo, na anayekupa nyingine anatia chumvi. Mama alikuwa muuguzi, akasimama kumtazama Baba mgongo alioumiza akisukuma lori, baiskeli yake ikazama mpaka usukani. Mjomba akaja kumtafuta dada yake, akanasa na pikipiki. Seremala, mwalimu, mwoka mikate, wote walikuja hivyo hivyo: wakanasa, wakapewa chai, wakajenga. Mwenye mzigo alipofunga duka na kusema milango haitaki tena, kila aliyejenga akachukua mmoja, iliyobaki ikawekwa stoo. Ndiyo maana nyumba zetu zote zina mlango uleule wa kijani, na ndiyo maana mwalimu ameshakula kwetu mara tatu akidhani yuko kwake. Mara ya tatu alilalamika mboga haina chumvi.

Mimi ni fundi cherehani, na karakana yangu ni lile lori. Cherehani imekaa pale nyuma ilipokuwa milango, vitambaa vinaning'inia kwenye vyuma vya turubai, na mbele kwenye usukani anakaa Baba na gazeti lake, mkono mmoja kwenye gia.

Basi ikaja barua ya manispaa. Lori letu, eti, ni chuma chakavu, litakokotwa Jumatatu, isipokuwa ikithibitika kwamba ni sehemu ya historia ya kijiji na kwamba kijiji kina kivutio. Afisa angefika Ijumaa na fomu. Nilisoma mara mbili. Nyumbani kwangu hakuna nafasi hata ya kuangusha sindano. Baba alishika usukani kwa mikono yote miwili tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, na nilipompelekea chakula nikaona kidevu kinamtetemeka. Nikajitia sikuona.

Mjomba ndiye mwenyekiti wetu, na Mjomba akishapata wazo hakuna wa kumshika. Bila kumuuliza mtu alileta kokoto, akaliziba lile shimo la tope, akalishindilia mpaka kona ikawa laini kama sahani. Alisema mgeni asije akachafuka viatu.

Ijumaa tukajipanga barabarani, tumevaa tukapendeza. Gari la afisa likatokea, likapita pale kwenye kona kwa mwendo mmoja, likatuachia vumbi, likapotea. Wala hakujua kama ameshafika. Mjomba bado anapunga mkono.

Moto uliniwaka. Mjomba ni mjomba, na heshima yake naijua, lakini siku ile ilinibidi niitafute.

"Mjomba," nikamwambia, "kivutio ni kitu kinachovuta watu. Hapa kijijini ni nini kimewahi kumvuta mtu?"

Akatazama kokoto zake. Akavua kofia.

Bahati nzuri ile barabara inaishia kwenye machimbo ya mawe, kwa hiyo lazima afisa angegeuza. Kijiji kizima tukashika majembe na mabeseni. Kokoto zikatoka, maji yakaingia ndoo kwa ndoo, mwoka mikate akaleta hata maji aliyooshea vyombo. Mjomba alichimba kuliko wote, na suti yake, maskini. Baba hakushuka kwenye usukani, ila alituelekeza kupitia dirishani: ongezeni kina kushoto, mimi nilinasia kushoto.

Afisa akarudi polepole, anatafuta kijiji. Shimo likampokea mpaka milangoni. Akatoa mguu, mguu ukazama; akauvuta kwa hasira, suruali ikachanika mpaka pajani. Hatukumcheka. Yaani tulijitahidi.

Tukampandisha ndani ya lori, tukamfunga shuka, tukampa chai, suruali ikawa mikononi mwangu. Akaijaza fomu juu ya magoti, amenuna. Penye historia aliandika aliyosimuliwa na Mama. Penye kivutio alitazama gari lake, akatazama shuka, akaandika bila kuuliza. Nikaanza kupumua.

Kumbe bado mstari mmoja. Alisema lori haliwezi kubaki ila mwenyewe awe mkazi.

"Mzee, nikuandike mwenyeji au mpitaji?"

Sindano ikasimama mkononi mwangu. Mama, ambaye ameisikia ile kauli ya kupita tangu siku ya harusi, akageuza uso kutazama vitambaa. Baba alitazama barabara mbele yake kwa muda mrefu. Kisha akauondoa mkono kwenye gia, akauweka mapajani.

"Andika mwenyeji," akasema.

Mama alilia waziwazi, nami nikajichoma kidole, damu ikaingia kwenye pindo la suruali ya serikali. Afisa akagonga mhuri, akavaa suruali yake. Mama akataka kumwongezea chai.

Akasema asihangaike, yeye anapita tu.

Baba akashuka kwenye lori taratibu, akaenda stoo kumchagulia mlango.