Kadi Isiyo na Saini

Kamati ya kamusi ilikuwa na wajumbe wanne na sheria moja: hakuna kinachokwenda kwa mpiga chapa mpaka kila kadi itiwe saini na wote wanne. Kila kadi ilibeba neno moja la Kiingereza na tafsiri yake. Kadi elfu kumi na nane zilikuwa zimeshapata saini zake, zimelala kwenye masanduku ya mbao zikila vumbi. Ilikuwa imebaki moja tu, ya neno “complete”, na huo ulikuwa mwaka wa tatu inazunguka mezani bila kupata mwenyewe. Mhariri, mama wa makamo aliyezipiga taipu zote kwa vidole vyake, alikuwa akiiota usiku.

Mhariri hakuwa na ugomvi na neno lenyewe. Kilichomkosesha raha ni Mwalimu, yule mzee aliyeianzisha kazi hii na kumfundisha kuandika kadi yake ya kwanza. Macho yalikuwa yanamwisha. “Mwanangu,” alimwambia, “daktari kaniambia nisihesabu miezi. Nataka niisome kamusi kwa macho yangu, hata ukurasa mmoja.” Mhariri aliahidi, kisha akarudi ofisini kuwabembeleza watu wazima.

Kikao cha saa nne kilianza saa tano na robo, kama kawaida.

“Kamili,” alisema Mwanasarufi. “Tuandike, tuondoke.”

“Kamili ni ya saa na hesabu,” Mshairi alidakia. “Mtu mwenye mke, watoto na amani ya moyo utamwita kamili? Huyo ni mtimilifu.”

“Mke ninaye, watoto ninao,” alisema Mwanasheria, “hiyo amani ndiyo sijaiona. Andikeni zima. Sahani nzima, haina ufa, basi.”

“Na kama haina chakula?” Mshairi aliuliza.

“Hilo si la kamusi, bwana. Hilo kamuulize aliyekupakulia.”

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mhariri hakucheka. “Waheshimiwa,” alisema, “kwani tukiyaandika yote matatu, kila moja na mfano wake, kuna ubaya gani?”

Wote wanne wakamtazama kama aliyependekeza wauze viti walivyokalia.

“Yote matatu?” aliuliza Mwenyekiti, mtu ambaye hajawahi kuwa na upande tangu azaliwe. “Si watu watasema hatukukubaliana? Haraka haraka haina baraka, mama. Tukutane mwezi ujao.”

“Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, Mwenyekiti.”

Lakini chai ilikuwa imeshaingia, na chai ikiingia hakuna mjumbe anayesikia. Mhariri alimeza hasira yake, nayo ikakataa kushuka.

Alhamisi alikodi gari, akapakia masanduku yote, akaiacha ile kadi kwenye mtoto wa meza. Liwalo na liwe.

“Vyote vimo?” mpiga chapa alimuuliza.

“Vyote,” alijibu. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini kwa miaka ishirini na miwili, na ulitoka vizuri kuliko alivyotarajia.

Baada ya wiki saba vitabu vikarudi. Mhariri alikuwa ameshafungasha vikombe vyake, akingoja barua ya kufukuzwa. Wapi! Wajumbe walivaa suti, wakapiga picha, kila mmoja akawasimulia wageni jinsi alivyowahimiza wenzake wasichelewe. Mwenyekiti alihutubia kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Hakuna hata mmoja aliyekifungua kitabu.

Mhariri alichukua nakala moja, akaenda mbio kwa Mwalimu. Alimkuta kitini karibu na dirisha, uso ameuelekeza ukutani.

“Wiki ya tatu sasa,” mkwe wa mzee alimnong'oneza mlangoni. “Hata mwanga hauoni.”

Moyo ulimuuma Mhariri. Aliwachukia wale wanne, kisha akajichukia mwenyewe kwa miaka mitatu ya adabu.

Mzee alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakipapasa, akakinusa. “Kizito,” alisema kwa furaha. “Haya, nisomee.”

“Lipi, Mwalimu?”

“Lile lililowashinda.”

Mhariri alifungua ukurasa. Neno la kabla yake lilikuwapo, na la baada yake. Katikati hapakuwa na kitu. Akakohoa, akasoma: “Kamili; timilifu; zima. Kisichopungukiwa na chochote.”

Mzee aliuliza: “Na wote wanne walitia saini?”

“Wote, Mwalimu. Kwa kauli moja.”

Mzee akaanza kucheka, mabega yakamtikisika. “Mwongo mkubwa wewe! Wale? Nyumba ikiungua wangekaa ndani wabishanie mlango wa kutokea.” Akautafuta mkono wa Mhariri, akaushika. “Umeliruka, siyo?”

“Nimeliruka,” alisema Mhariri, akilia.

“Umefanya vizuri. Soma linalofuata.”