Ua la Mukuba

Mjini Likasi mwanamke akiitwa Mama Fulani, ujue huyo Fulani yuko mahali anacheza, au anaomba chakula. Hortense aliitwa Mama Bénie, na Bénie alikuwa amelala kilimani, upande wa Kamatanda, tangu enzi zile mishahara ilipokatika na wafanyakazi wa kiwanda cha Panda wakageuka wakulima. Homa ilimkuta mtoto shambani, hajaanza hata shule. Wakamzika huko huko. Msalaba ulikuwa wa mti, mchwa wakaufanya mlo. Kilichobaki kuonyesha kaburi ni maua ya mukuba, yale madogo ya zambarau yanayoota yenyewe penye shaba, na kwingine hayaoti hata uyabembeleze. Palipokuwa na mengi kuliko kote, hapo ndipo alipolala Bénie.

Hortense alipenda maua kupita kiasi. Mumewe Germain, fundi mstaafu mwenye maneno machache, alisema mkewe aweza kuacha bukari, ugali wao, iungue jikoni kwa sababu ya ua moja lililochanua. Aliyapiga picha kwa simu, na kila Jumapili baada ya misa alituma moja kwenye kundi la WhatsApp la wana-Likasi, walioko mjini na waliotawanyika hadi Ulaya. Alitaja jina la ua, mahali linapopatikana, na kikohozi kinachoponywa na mizizi yake. Watu wakampenda. Na mtu anayependwa na watu asiowaona huanza kusema makubwa; sote tuko hivyo.

Jumapili moja kundi likashikana mashati juu ya sadaka. Viviane, aliyeko Ubelgiji, aliandika kwamba bila pesa hakuna sadaka, mengine porojo. Camille akasema ukimpa mtu leo, kesho atarudi na shemeji yake. Hortense hakuvumilia. Akatuma sauti:

"Sadaka haiko paka franka, haiko pesa tu! Hata kujua kintu ni mali. Ukijua kintu na unakificha mwenzako, weye njo muchoyo wa kwanza."

Wakampigia makofi. Naye, ili aonyeshe kwamba hasemi tu, akatuma picha ambayo hakuwahi kumpa mtu: kilima cha Bénie, kimejaa maua. Kaburi hakulitaja. Huzuni hiyo alizoea kuibeba bila mashahidi.

Mtu mmoja aitwaye Jimmy, ambaye hakuwahi kuandika neno kundini, akauliza kwa adabu: "Mama, ni wapi pale? Ningependa kufika."

Akamwelekeza. Njia, kijito, mti wa kugeukia, vyote.

Katanga nzima inajua kwamba ua lile ndilo linalomwita mwenye sururu, mchimba shaba. Hortense mwenyewe alijua tangu utotoni. Lakini miaka ilikuwa imepita akiliangalia ua lile na kumwona mtoto wake, mpaka shaba iliyo chini ikamtoka akilini. Mchana alipomwonyesha Germain ile picha na makofi yake, Germain aliacha kula.

"Mama Bénie, ile fleur ya mukuba haionyeshwake bantu."

"Ah, weye! Ni fleur tu, Baba Bénie."

Germain hakubishana. Laiti angebishana.

Mvua zikamzuia Hortense kwenda kilimani kwa muda. Zilipotulia, Jumapili moja akapanda pikipiki mapema, akashukia kijitoni, akakwea kwa miguu kumtembelea Bénie. Alichokikuta hakikuwa kilima tena. Yalikuwa mashimo, viroba, na vijana wekundu kwa vumbi wakipokezana sururu. Alizunguka kati ya mashimo akitafuta mahali pa kupiga magoti, asipaone. Akalia kwa sauti kubwa mpaka wachimbaji wakasimamisha kazi.

Mmoja akamkimbilia, uso umejaa furaha. Alimtambua kwa picha yake ya kundini.

"Mama Bénie? Njo miye Jimmy, wa ku groupe! Mungu akubariki, mama. Ulisema ukijua kintu upatie mwenzako. Batoto bangu banashiba sasa, juu yako."

"Mutoto wangu eko wapi?"

"Mutoto gani, mama?"

Hortense akanyoosha kidole chini, kisha pengine, kisha pengine tena. Jimmy akaelewa polepole. Furaha ikamtoka usoni.

"Hakukuwa musalaba, mama. Tuliona paka maua tu."

Udongo wa juu ulikuwa umekwisha kupakiwa, na lori limekwenda zake. Jimmy aliapa kwamba hawakuona mfupa wala nguo. Labda ni kweli, labda alimhurumia. Hortense alitaka kumlaani. Laana ikafika mdomoni, ikakuta maneno yake mwenyewe yamekaa pale, ikarudi ilikotoka. Mdomo huponza kichwa. Wake ulikuwa umeponza mtoto.

Jimmy akaingia chini ya turubai, akatoka na beseni. Ndani mlikuwa na kichaka kimoja cha maua, udongo mwingi umeshikana na mizizi.

"Hii nilikuwekea. Niliona ku groupe unayapendaka. Nilichimba pale yalikuwa mengi kupita kote."

Hortense akaupokea mzigo, akashuka nao bila kuaga.

Jioni alikaa uani, beseni kati ya miguu. Simu ikalia. Viviane alikuwa ameandika: "Mama Bénie, leo Jumapili. Ua letu liko wapi?" Akaizima.

Germain alipotoka ndani, Hortense alimweleza yote, hakujipunguzia lawama hata kidogo.

"Unitukane basi," akasema. "Ulinikataza. Sema kintu!"

Germain aliinama, akaugusa ule udongo kwa mgongo wa mkono, vile walivyokuwa wakimgusa Bénie paji la uso kule shambani. Mkono ukakaa hapo. Upande wa Mwadingusha ngurumo zilikuwa zimeanza, na upepo ulikuwa umeleta harufu ya mvua.

"Inuka, Mama Bénie," akasema. "Mvua inakuya. Tumuingize mutoto mu nyumba."