Makofi Kabla ya Hoja

Eustace alijaliwa ulimi, hilo halina ubishi. Ubaya ni kwamba watu wa kijiji kile, huko juu ya Kasense, walishachanganya kusema vizuri na kusema kweli, na Avelina, mama yake Luciana, alikuwa ameshachoshwa na jambo hilo.

Siku hiyo mkutano wa kijiji ulikaa kwenye uwanja wa shule ya kata. Upepo wa Juni ulikuwa unakata masikio, wazee wamejifunika makoti, na ajenda ilikuwa moja tu: hosteli ya wasichana ifungwe au isifungwe, maana mwaka huu mwanafunzi mmoja amepata mimba. Hosteli hiyo waliijenga wenyewe. Avelina alibeba matofali kichwani na mgongo wake ule mbovu, kwa sababu binti yake Luciana, wa kidato cha tatu, alikuwa akitoka nyumbani kungali giza, anavuka bonde peke yake, na jioni anarudi kwenye giza lile lile. Hosteli ikifungwa, Luciana anarudi bondeni au anaacha shule.

"Ndugu zangu," Eustace akaanza, mikono nyuma, "kabla ya hosteli, mliwahi kusikia habari za mimba shuleni hapa?"

"Hapana!" wakaitikia.

Hapana! Na mstari wa nyuma wamekaa wasichana walioachishwa shule kwa mimba miaka ile ya kabla ya hosteli, wana watoto mgongoni.

"Hosteli tumejenga mwaka jana. Mwaka huu tumepata nini?"

"Mimba!"

"Basi mimi sikusoma sana, lakini hesabu hiyo naiweza."

Wakacheka, wakampigia vigelegele. Avelina akauma meno. Mwaka jana huo huo kanisa la kigango lilinunua kengele mpya. Mbona hawakusema kengele ndiyo iliyompa mtoto mimba?

"Kwa hiyo mambo ni mawili," Eustace akaendelea. "Anayewapenda watoto wetu anafunga hosteli. Anayetaka ibaki, huyo anataka mabinti waharibike. Asimame tumjue."

Jamani! Avelina akasimama pale pale alipokuwa.

"Yule binti mwenye mimba hajalala hosteli hata siku moja," akasema. "Alikuwa amepanga chumba mtaani. Sasa hosteli inaingiaje hapo?"

Watu wakaanza kutazamana. Walijua, kijiji kizima kilijua, na hicho ndicho kinachokera. Eustace akatabasamu, akamgeukia mwenyekiti, Mzee Kasimiri.

"Mwenyekiti, umemwona? Amesimama mbele ya wazee kama mlingoti. Hakupiga goti, hakupiga makofi, hakusalimia. Asiye na adabu ya salamu ndiye atufundishe malezi?"

Kwa Wafipa wa kule, mwanamke hamvamii mzee kwa maneno. Anapiga goti, anakutanisha viganja taratibu, makofi ya sauti ya chini, anasalimia, ndipo anasema lake. Na aliyesalimiwa hivyo naye hana pa kukimbilia, sharti aitikie kwa makofi na ajibu anachoulizwa. Ni mila nzuri, Avelina mwenyewe alimfundisha Luciana tangu anatambaa. Lakini tangu lini kukosa salamu kukahamisha kitanda cha mtoto, kikatoka kwenye chumba cha kupanga kikaingia hosteli?

"Kaa chini, mama," akasema Mzee Kasimiri. "Hujasalimia, kwa hiyo hujasema kitu."

Akakaa. Hasira zilimpanda mpaka macho yakawasha.

"Mama Luciana, nyamaza," jirani yake Monika akamnong'oneza. "Watakuita mkorofi."

"Waniite! Kwani wao ndio watakaovuka bonde?"

Eustace alikuwa ameshanogewa. Babu zetu hawakuwa na hosteli, akasema, na walilea. Babu zake hawakuwa na shule pia, lakini nani wa kumkumbusha? Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti akasimama ili mikono ihesabiwe.

Avelina akapita katikati ya watu hadi mbele. Akapiga magoti kwenye kokoto. Akakutanisha viganja, akapiga makofi yale ya chini, polepole, bila haraka hata kidogo. Kwa Kifipa akamsalimia mwenyekiti, akawasalimia wazee, akawataja marehemu wao, mwisho akamgeukia Eustace na kumsalimia kwa heshima zote. Wazee wakaitikia kwa makofi. Eustace naye, angefanyaje? Akapiga.

"Naomba kumuuliza baba Eustace," akasema Avelina. "Yule binti alikuwa analala wapi?"

"Tatizo la watoto wa siku hizi ni simu," akaanza Eustace, "maadili yame..."

"Umesalimiwa," Mzee Kasimiri akamkata. "Jibu ulichoulizwa."

"Alipanga mtaani."

"Kwa nani, baba?"

Eustace akakohoa. "Kwangu. Vyumba vya uani. Lakini mimi sihusiki! Ni yule kijana wa bodaboda, ameshakimbilia Kirando."

"Sijasema unahusika. Nauliza, wasichana wengine waliopanga hapo kwako, walikwenda wapi?"

"Walihamia hosteli."

"Kati ya hao waliohamia, nani ana mimba?"

Eustace akainamisha kichwa.

"Hakuna," akasema.

Mikono ikahesabiwa. Waliotaka hosteli ifungwe walikuwa Eustace, shemeji yake, na mzee mmoja asiyesikia vizuri. Monika alipiga kigelegele, na wasichana wa mstari wa nyuma wakakipokea.

Watu walipotawanyika, Mzee Kasimiri akamfuata Avelina, uso umekunjuka kwa furaha.

"Leo umesema maneno mazito, mwanangu. Ungeyasema tangu mwanzo, tusingepoteza muda."

Avelina alikuwa anapangusa vumbi na damu kidogo kwenye magoti. Akainua uso.

"Niliyasema tangu mwanzo, baba. Mkaniambia nikae chini."

"Ah, pale hatukukusikia."

"Mlinisikia. Mlikuwa mnasubiri magoti. Je, leo ningekuwa mgonjwa wa miguu, mwanangu angeacha shule?"